Skuta ya Taavetti Yakataa Kufa

Barafu ya ziwani ikianza kupasuka, na mchanga uliomwagwa barabarani kuzuia utelezi ukigeuka vumbi, watu wa kijiji cha Hietaperä hukumbuka ghafla kwamba wana pikipiki. Hawakumbuki mapema hata siku moja. Tangu Oktoba zimelala ghalani chini ya mashuka mabovu, na hakuna aliyezichungulia. Halafu linachomoza jua la maana mwishoni mwa Aprili, na kila mtu anataka ya kwake iwake leo hii, kabla ya chakula cha mchana. Isipowaka, wanaikokota kwa Irja Kemppainen.

Irja ni mwanamke wa miaka sitini na moja, mwenye gereji ambayo zamani ilikuwa zizi la ng'ombe wa baba yake. Majira hayo huwa hana muda hata wa kujikuna. Zinakuja skuta, zinakuja pikipiki za magurudumu manne za kuvutia magogo msituni, na karibu zote zinaumwa ugonjwa mmoja, uvivu wa wenyewe. Panya wamezaa ndani ya chujio la hewa. Kabureta imeziba kwa petroli iliyochacha.

"Petroli hii uliweka lini?" Irja huuliza.

"Juzi juzi tu."

"Juzi ya mwaka gani?"

Mwaka huu wa kwanza kufika alikuwa Pentti, mkata miti, na betri yake mkononi imevimba kama mkate uliozidiwa hamira. Alikuwa ameitoa kwenye pikipiki yake ya magurudumu manne ili isigande, akaihifadhi sauna, chumba cha kuogea mvuke, nyuma ya ndoo. Hapo hakukosea. Lakini mkesha wa Krismasi aliikoka sauna mpaka digrii tisini, akaingia na mkewe wakakaa saa mbili, na betri ikaoga nao.

"Angalau imekufa safi," Pentti akasema.

"Niachie na pikipiki yenyewe," Irja akamwambia. "Nikiweka betri nyingine nitaizungusha kidogo, nione kama akili yake imebaki."

Irja anapendwa, ila zaidi ya hapo anaaminiwa. Hajawahi kumwambia mtu kwamba mashine imekufa wakati bado ina uhai. Kwa miaka thelathini ametangaza vifo saba tu, na hakuna mfiwa aliyekwenda kutafuta fundi wa pili. Akisema basi, ni basi. Kwa hiyo Marjukka alipopiga simu kutoka mjini Oulu, alijua anampigia nani.

Marjukka ni binti wa pekee wa Taavetti Keränen, mgane wa miaka themanini na tatu anayekaa kilomita mbili kutoka gereji. Kila Alhamisi, theluji ikishakwisha, Taavetti hupanda skuta yake ya buluu kwenda dukani, kilomita saba, akanywe kahawa na wagane wenzake.

"Kesho baba atakuletea skuta, imegoma," Marjukka alisema. "Irja, nakuomba. Mwambie imekufa."

"Imekufa?"

"Sijui. Wewe sema hivyo. Mimi nikimwambia aache kuendesha atanuna mpaka kiangazi kiishe. Wewe ukisema, atavua kofia, yataisha. Yale malori ya magogo yananinyima usingizi."

Irja akaguna, "Mm."

Katika kijiji kile "mm" hubeba mzigo mzito. Irja alimaanisha kwamba amesikia. Marjukka alielewa kwamba amekubali, akashukuru mara tatu na kukata simu. Irja akabaki na spana mkononi, hasira zimempanda, na hajui amkasirikie nani. Bila ile skuta mzee atakaa dirishani akihesabu kunguru. Lakini malori nayo ni ya kweli.

Kesho yake Taavetti alifika akiisukuma skuta kwa miguu, kofia ya chuma kichwani, jasho likimtoka.

"Kwa nini umevaa kofia na unasukuma?" Irja akauliza.

"Ili mikono iwe huru." Akaiegemeza ukutani. "Hii nadhani imefika mwisho, Irja. Usijisumbue sana."

"Nitaiangalia."

"Iangalie, lakini usijisumbue."

Akaenda zake kwa jirani. Irja akamwaga petroli ya zamani, akaosha kabureta, akachaji betri. Akapiga kiki. Kimya. Akafungua plagi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa. Ncha yake ilikuwa imebanwa ikashikana kabisa, cheche haina pa kurukia, na pembeni palikuwa na alama mbili za koleo. Hiyo haikuwa kazi ya baridi. Hiyo ilikuwa kazi ya mtu.

Alijua mara moja ni nani. Marjukka alikuwa hapa Pasaka! Kumbe kabla ya kuomba uongo alishamaliza kuutengeneza. Irja akafunga plagi mpya kwa hasira kidogo. Kiki ya pili tu, skuta ikawaka, ikanguruma vizuri kuliko mwaka jana. Irja alifurahi waziwazi. Alikuwa ameshaamua: atamwambia mzee ukweli, na Marjukka akitaka kununa, zamu yake.

Taavetti aliporudi, Irja aliiwasha mbele yake na kujifuta mikono kama aliyeshinda kesi.

"Inawaka," akasema.

"Nasikia."

Lakini uso wa mzee ulikuwa umemshuka. Aliizunguka skuta bila kuigusa. Halafu akaona plagi ya zamani juu ya meza, akaifunika haraka kwa kitambaa.

"Hii tupa tu," akasema. "Ilibanika."

Irja akazima injini. "Nimekwambia kwamba ilibanika?"

Mzee akatazama nje. Kule kwao mtu akitazama nje namna hiyo, unamwachia muda. Irja akammiminia kahawa, akamsogezea mkate wa mdalasini, akasubiri.

"Nilianguka Oktoba," Taavetti alisema mwishoni. "Pale darajani. Lori lilipita karibu, nikajikuta mtaroni na skuta juu ya mguu. Niliinuka mwenyewe. Sikumwambia mtu." Akageuza kikombe. "Sasa nikishika ufunguo naurudisha mfukoni. Mimi, Irja. Sijawahi kuogopa kitu chenye injini. Nikasema, wewe ukitangaza imekufa, nani atabisha?"

Irja akacheka. Alijaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka mzee akaanza kuvaa kofia ili aondoke.

"Kaa chini, sikucheki wewe. Marjukka alinipigia jana. Alitaka nikwambie hivyo hivyo."

Taavetti akasimama wima. "Marjukka? Alitaka uniulie skuta yangu?"

"Ndiyo."

"Mtoto hana adabu kabisa. Mali ya watu."

"Na koleo alishika nani?"

Mzee akakaa. Kisha akainama mbele, akashusha sauti, ingawa mle ndani hapakuwa na mtu mwingine. "Basi wote tunataka kitu kimoja. Sema imekufa, yaishe."

"Haijafa, Taavetti. Sisemi." Irja akamwekea simu mkononi. "Mpigie. Mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Ulichoniambia mimi."

Taavetti kwenye simu husema hajambo, hutaja mvua, huaga. Irja akatoka nje, akajifanya anakagua matairi ya Pentti. Kupitia ukuta alimsikia mzee akisema, "Ni mimi. Skuta inawaka. Mimi ndiye siwaki tena." Baada ya hapo ikaja sauti ndogo ikieleza habari ya mtaro, halafu, ajabu, kicheko. Matairi ya Pentti hayajawahi kukaguliwa kwa umakini kama siku hiyo. Zilipita dakika arobaini.

Mzee alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Amelia," akasema.

"Na wewe?"

"Gereji yako ina moshi." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Alhamisi nitafikaje dukani?"

"Alhamisi huwa nakwenda dukani."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi hii."

Taavetti akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba. Skuta ikabaki gerejini. Pikipiki ya Pentti ilikuwa na betri mpya na inasubiri kuzungushwa, basi Irja akampakia mzee nyuma, amrudishe kwake. Walipokaribia daraja, mikono ya Taavetti ililikaza jaketi la Irja mpaka pumzi ikambana, naye akapunguza mwendo, akapita pale mtaroni taratibu. Daraja likaisha. Mikono ikalegea, mmoja kwanza, halafu wa pili. Kisha akahisi kidole kikimgonga bega.

"Ongeza moto, msichana," Taavetti akasema. "Kwani tunakwenda kuzika?"