Uvimbe Usiosikia Mluzi

Merv Tollis alifundisha mbwa wa kuchunga kondoo katika nyanda za Monaro, kusini mwa Canberra, tangu ujana wake, enzi mchungaji na mbwa wake walipokuwa kitu kimoja. Siku hizi kondoo wanafukuzwa kwa pikipiki, na vijana wanaita hiyo kazi. Katika miluzi yote ya Merv, wa kwanza kufundishwa ulikuwa wa kumsimamisha mbwa. Asiyeusikia huo, alisema, hata awe hodari vipi, ataua kondoo.

Uvimbe ulipomwota ubongoni, madaktari walimpasua, wakampiga mionzi, wakampa vidonge. Ukanywea, kisha ukarudi. Bintiye Glenys akampeleka tena Canberra kwa Daktari Ottaway, akitaka vidonge vikali zaidi.

Daktari, mwanamke mpole, hakuwa na haraka. Alieleza kwamba ndani ya seli mna vipande vidogo mno viitwavyo maikro-RNA. Vyenyewe havijengi kitu; vinanyamazisha amri za vingine. Katika uvimbe huu kimoja kimezidi mno, nacho kinanyamazisha amri ya kuiambia seli iliyoharibika ife. Dawa inaiumiza seli, ila seli haiambiwi kwamba imekwisha. Inajitibu, inazaana.

"Basi ni kama mbwa wa Snowy, jirani yangu," Merv alisema. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida. "Unapuliza mpaka mashavu yanauma, yeye ndiyo kwanza anatimua mbio."

Daktari alicheka. Glenys hakucheka, aliuliza je, dozi ikiongezwa? Huenda Merv akapata wiki chache zaidi, akajibiwa, nazo atazimaliza kitandani akitapika. Wapo watafiti wanaotafuta namna ya kukizima kipande hicho, lakini bado wako maabara.

"Baba, mimi siwezi kukaa tu nikikutazama."

Kwenye mashindano ya mbwa, mchungaji akiona kondoo wamechoka, humwinulia mwamuzi kofia na kumwita mbwa wake arudi, ingawa muda haujaisha. Hapotezi heshima. Zamani watazamaji hata walimpigia makofi.

Merv akavua kofia, akaiinua.

Daktari hakuelewa. Glenys, aliyekulia kando ya viwanja hivyo, alielewa mara moja.

"Wewe mzee ni mkaidi," alisema kwa sauti ya chini.

"Nikifa, hao watafiti wauchukue uvimbe wote," Merv akamwambia daktari. "Wajifunze kuunyamazisha."

Kofia ilikuwa bado iko juu. Glenys akaipokea ile kofia, akamwambia daktari kwamba wanarudi nyumbani.