Kiangazi cha Maneno ya Katikati

Michembe ikianikwa ina harufu yake, utamu uliochanganyika na vumbi, na mtu aliyekulia Unyamwezi haisahau hata akizeeka. Kiangazi kile mama yangu, Monika, alikata viazi vitamu vipande vipande na kuanika michembe mingi kuliko miaka yote, juu ya mawe nyuma ya nyumba, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa tutahama. Serikali ilitaka watu wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, na kijiji chetu kipya kilikwisha kupimwa ng'ambo ya mbuga, ila siku ambayo lori lingekuja kutuchukua hakuna aliyeijua. Basi tukawa tunaishi kama watu waliokalia mizigo yao. Mama anageuza michembe huku sikio liko barabarani. Baba, Mzee Mihayo, anashika nyundo atengeneze mlango, anauacha nusu, anasema wa nini sasa, kesho yake anaurudia. Nyumba yetu ilikuwa kando ya ile njia ya zamani ya misafara, mwendo wa asubuhi moja kutoka Tabora mjini, na kila gari lililopiga honi kule mbali lilitufanya tuache tulichokishika.

Katikati ya wasiwasi huo akarudi kaka yangu Alfonsi, na sanduku lake la bati kichwani. Alikuwa anasoma seminari, shule ya kuwaandaa mapadri, na kijiji kizima kilikwisha kuanza kumwita padri kabla hajawa. Safari hii hakuja kwa furaha. Padri aliyewafundisha Kilatini alimpa maandishi ya kutafsiri, naye akachanganya maneno yote ya kuweka kitu katikati ya vitu vingine, akayafanya kama ni neno moja. Akaambiwa likizo yote ayapange kichwani, akirudi atasimama na kuulizwa kwa mdomo, na akishindwa, seminari ameiaga. Baba alisikiliza habari hiyo amesimama, kofia mkononi. Mwisho akasema, "Ukishindwa, usirudi hapa. Kaoe huko, kalime huko, kizingiti changu usikivuke." Baba hakuwa mtu wa kusema neno kisha akalimeza. Mama aliinama kwenye ungo wake, nami nikaona mikono yake imesimama. Leo nikimfikiria baba namwelewa kidogo. Shamba lilikuwa linaachwa, makaburi ya wazee wake yanaachwa, hata mizinga yake ya nyuki porini hakujua ataifuata vipi. Mwana padri ndicho kitu pekee alichoona lori haliwezi kumpokonya.

Mimi Tekla nilikwisha kuachishwa shule, darasa la tatu tu, nimsaidie mama. Lakini ndimi niliyekuwa na nafasi ya kukaa na Alfonsi nyuma ya ghala, nikibangua karanga, yeye akikariri. Alikariri mpaka mdomo unakauka, na akimaliza amesahau. Mwishowe akachoka, akasema tuyatende maneno yenyewe tuone kama yatashika. Akachukua gome la mti, akaliweka kati ya vyungu viwili vya mama visigongane: interponere, kuweka katikati. Jogoo wetu alipokuwa anapigana na jogoo wa Mama Sikujua, jirani wa chini, akatupa gunzi kati yao: intericere, hilo ni la kutupa, haliweki kwa utaratibu. Mama alipokuwa anasuka mkeka na kupenyeza ukindu mwekundu katikati ya mweupe, Alfonsi akarukaruka kama mtoto, "Interserere! Hilo ndilo, la kupenyeza na kusuka!" Mama akamwambia asimrukie ukindu wake. Kulikuwa na interpolare, ambalo zamani za Warumi lilikuwa la kuifanya nguo kuukuu ing'ae kama mpya, baadaye likawa la mtu anayechomeka maneno yake katika maandishi ya mwenzake ili adanganye. Na intercalare, hilo ni la siku peke yake. Aliniambia Warumi wa kale mwaka wao ulipopotea hesabu, makuhani wao walichomeka siku nyingine katikati ukakaa sawa. Nikamwomba naye atuchomekee, kabla ya siku yake ya kuulizwa, siku nyingi kadiri awezavyo. Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Lililonitia hofu ni lile la kwanza, interponere, kwa sababu lilikuwa na kazi nyingi. Unaweza kuweka gome katikati. Unaweza kuweka muda katikati, ukachelewesha jambo. Unaweza kujiweka wewe mwenyewe, ukaingilia kati ya watu. Na unaweza kuweka ahadi: fidem interponere. Alfonsi alinieleza kwamba mtu akiapa, ameliweka neno lake katikati yake na mwenzake, wote wawili wanaliona, wala hawezi tena kulichukua peke yake akaenda nalo. Nikamuuliza, "Kaka, wewe umeshaliweka la kwako kwa mapadri?" Akasema, "Bado. Wataniuliza siku moja." Akaanza kuchora chini kwa kijiti, hakutaka tuendelee. Tangu hapo kila alipolifikia neno hilo sauti yake ilishuka, nami nililala nikiwaza atalisahau, aulizwe hilohilo, afukuzwe, na baba amfungie mlango.

Aliyekuja kutuchekesha ni Bibi Mwanaidi. Yeye alikuwa Mzaramo, babu yake alifika na msafara kutoka pwani, akaugua miguu, akaachwa hapa, akaoa hapahapa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizo za njia, na mtani anakutukana mbele ya watoto wako, anachukua kuku wako, nawe hukasiriki. Ukikasirika aibu ni yako. Alikuwa anapita na kapu lake la dagaa wa Kigoma, anamsikia Alfonsi nyuma ya ghala, anapaza sauti, "Mihayo! Mtoto wako amepandwa na pepo wa Kizungu, mtafutie mganga!" Baba anajibu, "Pita zako, mla nazi, hata nazi yenyewe huku huipati!" Hizo ndizo siku ambazo nilimwona baba akicheka.

Alfonsi akaenda kuulizwa. Tulikaa siku za kungoja vitu viwili, lori na yeye, na sijui kipi kilimtesa mama zaidi. Alitangulia yeye. Ilikuwa mchana, Bibi Mwanaidi amekaa uani kwetu anampimia mama dagaa, tukamwona barabarani na sanduku kichwani. Mama akasema, "Mungu wangu." Baba akatoka ndani, akasimama mlangoni.

Alfonsi akatua sanduku, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Baba hakuitikia. "Umeshindwa?"

"Nimefaulu, baba. Yote. Padri mwenyewe amenipa mkono."

"Sasa sanduku la nini?"

"Nimeomba kutoka. Wangenitaka niahidi, nami sina ahadi ya kuwapa. Nisingeweza kusema uongo mbele ya altare."

Nadhani kama angekuwa ameshindwa, baba angeumia tu. Hili la kufaulu kisha kuacha lilimgeuza rangi. Aliingia ndani akarudi mpaka mlangoni na fimbo yake ya kuchungia ng'ombe. Mama alinikamata mabega akanibana kwenye kanga yake. Alfonsi hakunyanyuka pale alipopiga goti. Na hapo, bila haraka, Bibi Mwanaidi akaweka kibaba chake chini, akatembea mpaka mlangoni, akatandika kanga moja juu ya kizingiti, akajilaza chali, miguu ndani, kichwa nje, kati ya baba na mwanawe.

"Mwanaidi, toka hapo."

"Niruke."

"Nimesema toka! Haya si ya utani."

"Nani kakwambia? Niruke kama wewe dume. Ukimruka mtani utazaa vyura." Akajinyoosha vizuri, akaweka mkono chini ya kichwa. "Nyie Wanyamwezi mlibeba pembe za ndovu za watu mpaka Bagamoyo, hamkulalamika. Leo mtoto wako mwenyewe ndiye mzigo mzito?"

Mama akapiga kite cha kilio au cha kicheko, hata leo sijui. Baba alisimama na fimbo yake juu ya yule bibi kizee. Kumruka asingeweza, kumvuta asingeweza, kumgusa tu kungekuwa aibu ya kusimuliwa na wajukuu. Bibi Mwanaidi akasema haondoki mpaka alipwe jogoo, tena apikiwe palepale, na ale na huyo mwanafunzi wa pepo. Jua lilishuka. Mwisho baba akaitupa fimbo uani, akasema kwa sauti ndogo, "Tekla, kamata jogoo." Nilikimbia kama niliyefunguliwa kamba. Walikula pale kizingitini, Bibi Mwanaidi na Alfonsi, na baba akakaa ndani akiwapa mgongo. Alipomaliza mtani alinyanyuka, akafuta mikono, akachukua kapu lake, na Alfonsi akavuka. Baba alikaa muda mrefu bila kumsemesha, lakini lori lilipokuja walibeba nguzo za ghala pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma.

Siku hizi nakaa mjini Tabora, kwa mwanangu wa mwisho, Deusi, nyumba ya bati jekundu na ukuta pande zote. Mwaka jana mjukuu wangu Fredi, mtoto wa Deusi, aliacha chuo cha uganga wa hospitali alichokuwa analipiwa na baba yake, akarudi na begi, akasimama nje ya geti akibisha. Deusi akasema hafunguliwi. Nikangoja nione nani atapita. Majirani zetu ni watu wema, tunasalimiana, lakini kabila la mtu hatulijui, wala nani mtani wa nani, na aliyepita alipita na simu yake sikioni. Basi nikatoa mkeka mwenyewe, nikafungua geti, nikajilaza pale chini na mifupa hii ya uzee. Baba yangu alikuwa mkali, alikuwa anapiga, lakini hakuthubutu kumwondoa mtu mlangoni. Mwanangu ni mpole, hajawahi kuninyanyulia sauti. Alisema, "Mama, utaugua, chini kuna baridi," akainama, akaninyanyua polepole kama anayebeba mayai, akaniketisha kwenye kiti barazani, akarudi kufunga geti, Fredi yuko nje.