Kadi za Bi Mmeelewa

Mwalimu wa hesabu wa darasa la tano alikuwa na sauti ya kufika barabarani, na wanafunzi walimbandika jina la Bi Mmeelewa. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Kila baada ya dakika chache aligeuka kutoka ubaoni, vumbi la chaki limemjaa mpaka kwenye nyusi, akauliza, "Mmeelewa?" Nao waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimuuu!" Basi moyo wake ukatulia, akafuta ubao, akaendelea mbele. Miaka thelathini na moja alifundisha hivyo. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu, na mwitikio ule ulinipenya mpaka nikawa nausikia hata siku za likizo.

Alinipenda kama mwanawe, na kama mwanawe alinigombeza. Meza zetu zilikaa bega kwa bega katika chumba cha walimu. Nilipochelewa kula, aliniuliza kama nimeajiriwa kufundisha au kufunga. Kwa hiyo niliporudi kutoka kwenye semina na bahasha ya kadi, wa kwanza kumwonyesha alikuwa yeye.

Zilikuwa kadi za karatasi ngumu, kila moja ina mchoro wa miraba myeusi usiofanana na wa mwenzake, na pembeni, kila upande, herufi ndogo: A, B, C, D. Mwalimu anaandika swali lenye majibu manne. Mwanafunzi anaigeuza kadi yake mpaka herufi ya jibu lake iwe juu, kisha anaiinua. Mwalimu anapitisha simu mbele ya darasa kama anayepiga picha, na simu inasoma kadi zote kwa mara moja: nani kachagua nini, wangapi wamepata.

"Na watoto wanahitaji simu?" aliuliza.

"Hapana, Mama. Moja tu, ya kwako."

"Na jirani hawezi kuchungulia jibu?"

"Achungulie nini? Kadi yake na ya mwenzake hazifanani."

Aliigeuzageuza kadi ile, akainusa hata. "Mwanangu, mimi nikiwatazama usoni najua nani kaelewa. Lakini lete. Nisije nikaambiwa ni mzee wa kukataa mambo."

Jumatano ile nilisimama mlangoni pake ili nimsaidie simu ikigoma. Alikuwa amemaliza kufundisha kujumlisha sehemu, somo alilojivunia kuliko yote, kwa sababu alikuwa na hadithi yake aliyoitunga mwenyewe. Namba ya chini, aliwaambia, ni mama. Namba ya juu ni mtoto aliyebebwa; watoto hukaa na watoto, mama na mama, akimaanisha tu wasichanganye namba za juu na za chini. Aliwachora ubaoni, mama mpana na mtoto mwenye macho makubwa, na darasa lilicheka kwa furaha. Vizazi na vizazi vya watoto vilikuwa vimempenda mama yule.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu!"

Akaandika swali: nusu ukijumlisha na theluthi unapata ngapi? Kadi arobaini na tatu zikainuka. Akapitisha simu polepole, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha akasimama. Akaipitisha tena. Akanijia mlangoni.

"Chombo chako kimeharibika," alininong'oneza.

Nikaangalia. Waliopata jibu sahihi, tano ya sita, walikuwa tisa. Ishirini na tisa walichagua mbili ya tano. Watano waliobaki walitawanyika.

"Hakijaharibika, Mama."

Aligeuka akalitazama darasa kwa muda mrefu. Watoto walikuwa bado wamenyanyua kadi zao, wanatabasamu. Halafu akamwita msichana wa dawati la mbele, yule aliyenyoosha mkono kila swali, ambaye daftari lake ndilo lililoonyeshwa kwa wazazi.

"Wewe umechagua ipi?"

"Mbili ya tano, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Watoto tumewakusanya pamoja, ni wawili. Na mama tumewakusanya pamoja, ni watano." Alisema kwa uhakika kabisa, na wenzake wakatikisa vichwa kumuunga mkono.

Nilimwona mwenzangu akishika ukingo wa meza. Hakumkemea mtoto. Alisema tu, "Ahsante, kaa," akazikusanya kadi mwenyewe, moja moja, akatoka kabla kengele haijalia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Siku ile na iliyofuata hakunisemesha. Bahasha ya kadi aliirudisha mezani kwangu bila neno. Siku ya tatu, Ijumaa, tukiwa wawili tu, alianza kuongea huku anapanga madaftari yasiyohitaji kupangwa.

"Wangekosea ovyo ovyo nisingejali. Watoto hukosea. Lakini wamekosea kwa mpango. Wamefuata nilichowafundisha mpaka mwisho." Akafunga daftari lililokuwa wazi. "Sasa wale wa mwaka jana? Wa mwaka juzi? Hebu niambie, ni wangapi wanaotembea huko nje na mama yangu kichwani?"

Nilimmiminia chai, akainywa.

Jumamosi asubuhi alikwenda karakana kwa mdogo wake, seremala. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, na nimechukua pale wanapokubaliana. Alimkuta na penseli sikioni, anapiga randa ubao wa meza, maranda yamemfika vifundoni. Huyu naye aliwahi kuwa mwanafunzi wa dadake, dawati la nyuma.

"Nusu na theluthi ni ngapi?" dada aliuliza kabla hata ya salamu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nusu na theluthi."

Seremala aliinua futi yake akaiangalia kidogo. "Tano ya sita. Kwani kuna nini?"

"Ulijuaje? Mimi si nilikufundisha watoto kwa watoto, mama kwa mama?"

Hapo mdogo wake alicheka mpaka akakaa juu ya magogo. "Dada, ile hadithi niliitumia wiki yangu ya kwanza ya ufundi. Niliambiwa niunge nusu ya ubao na theluthi ya ubao, nikakata mbili ya tano kama ulivyonifundisha. Fundi wangu akaniuliza, 'Wewe, ukiwa na nusu, ukaongeza kitu juu yake, unabaki na pungufu ya nusu?' Karakana nzima iliniita Mbili ya Tano mwaka mzima."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa dada yangu na mwalimu wangu, na mkono wako ulikuwa mwepesi."

Anasema macho yalimlengalenga dadake, naye akaacha kucheka. Akachukua pau nyembamba iliyobaki kwenye kazi ya kabati, akaikata mbili sawasawa. Nyingine ya urefu uleule akaikata tatu, nyingine sita. Akavipanga vipande juu ya meza: nusu, ikafuatwa na theluthi, na chini yake vipande vitano vya moja ya sita. Safu zile mbili zilikwenda sambamba, hazikupishana hata unywele.

"Hivi ndivyo nilivyoelewa," alisema. "Kwa mkono."

"Nikatie seti kumi na moja, kila watoto wanne seti moja," dada alisema. "Na upige msasa vizuri, wasichomwe na vibanzi."

"Leo?"

"Mbili ya Tano, leo."

Jumatatu aliniita nisimame mlangoni tena. Alikuwa ameshika kapu zito. Aliliweka chini, akapangusa mikono, akasema maneno ambayo kwa umri wangu wote shuleni, nikiwa mwanafunzi na nikiwa mwalimu, sikuwahi kuyasikia.

"Nimewafundisha vibaya. Hamkukosea nyinyi. Hadithi yangu ndiyo iliyowapoteza, na mimi ndiye niliyeitunga. Naomba mnisamehe, tuanze upya."

Watoto walitazamana. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kumsamehe mwalimu. Mwishowe sauti ndogo ikatoka katikati: "Mwalimu, kwa hiyo yule mama tumfute?"

"Mfuteni."

"Na mtoto wake?"

"Naye, masikini. Waende pamoja." Hapo alicheka yeye kwanza, nao wakamfuata.

Wiki nzima darasa lile lilisikika kama karakana. Vipande viligongana, watoto waligombana kwa sauti kama theluthi inaingia mara ngapi hapa na pale. Mwitikio ule niliouzoea ulipungua, maana sasa aliuliza swali, akasema "Kadi!", akapitisha simu, akaandika hesabu ya majibu ubaoni kwa chaki bila kumtaja mtu. Kisha aliwaambia wajadiliane na jirani, wainue tena. Waliokosea alikwenda kuwainamia dawatini, mmoja mmoja. Aligundua mvulana mmoja mtaratibu, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, alikuwa anapata karibu kila swali. Aligundua pia kuwa yule msichana wa mbele alikuwa hodari wa kukariri kuliko wa kufikiri, akamhamishia kwenye vipande akae navyo mpaka azoee. Ijumaa swali lilikuwa nusu na moja ya sita. Walipata thelathini na sita. Alikuja kwangu akiwa amebeba simu kwa mikono miwili.

Habari zikamfikia mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mwema, mwenye haraka, aliyefundisha historia zamani. Akafurahi kupita kiasi. Alitaka majina yote na majibu yao yachapwe kila wiki, wa kwanza mpaka wa mwisho, na orodha ibandikwe karibu na lango, wazazi na wageni waione.

"Wakibandikwa, hawatainua tena kadi kwa ukweli," Bi Mmeelewa alimwambia. "Watanong'onezana majibu, wataulizana kwa macho. Nitarudi kulekule kwa 'ndiyo, mwalimu'."

"Mwalimu, takwimu ni takwimu. Zina ubaya gani?"

"Njoo darasani kesho uone."

Akaja. Akakaa nyuma, magoti yamebanwa na dawati dogo, na Bi Mmeelewa akampelekea kadi ya ziada, namba arobaini na nne. "Na wewe ushiriki, mkuu." Alikubali akicheka. Swali likaandikwa: nusu ya robo na robo ya nusu, ipi kubwa? A, nusu ya robo. B, robo ya nusu. C, ziko sawa. D, haiwezekani kujua.

Kadi zikainuka. Nilikuwa nimesimama karibu na simu, nikaona. Thelathini na tisa walikuwa C. Wanne walikuwa A. Mmoja tu alikuwa B, na kadi yake ilikuwa namba arobaini na nne.

Uso wa Bi Mmeelewa haukubadilika hata kidogo. Aliandika hesabu ubaoni kama kawaida. Nyuma kule, mkuu aliishusha kadi yake polepole, akaiweka kifudifudi dawatini, akaifunika kwa kiganja.

"Wapo watano wenzetu hawajapata," Bi Mmeelewa alisema. "Simtaji mtu, na sitamtaja. Nani atawaeleza?"

Msichana wa dawati la mbele akasimama na vipande viwili virefu vya karatasi. Kimoja alikikunja kati, kisha nusu ile akaikunja nne. Kingine alikikunja nne kwanza, kisha robo ile akaikunja kati. Alikwenda taratibu, akieleza kila mkunjo, hakukimbilia jibu kama zamani. Akavibandikiza vipande viwili vya mwisho, akavionyesha kila upande wa darasa. Vilitoshana. Hakuna aliyesikiliza kwa makini kuliko mwalimu mkuu.

"Kadi!"

Safari hii arobaini na tatu walikuwa C na mmoja A. Kadi ya arobaini na nne ilikuwa C, imeinuliwa juu kuliko zote.

Baada ya kipindi mkuu alitukuta kwenye korido. Alijikuna shingo. "Mwanzoni pale, nadhani nilikosea namna ya kuishika ile kadi."

"Wengi huanza hivyohivyo," Bi Mmeelewa alimjibu, kwa upole wa kweli.

Mkuu alitutazama, kisha akacheka kwa sauti. "Orodha tuiache," alisema, akaenda zake ofisini.

Muhula uliofuata walimu watano waliomba kadi. Nilizichapa mimi, lakini aliyewafundisha kuzitumia alikuwa yeye, Alhamisi mchana katika chumba cha walimu, akifoka kila mtu alipoishika simu vibaya. Na kabla ya kuwagusisha chochote aliwachorea ubaoni mama mpana na mtoto wa macho makubwa, akawaeleza, bila kupunguza, jinsi alivyowapoteza watoto kwa miaka thelathini na moja.