Kumsomea Dada Jomrye

Dada Jomrye, mwenzangu wa kiwandani, ndiye aliyenifundisha kusoma. Wakati huo nilikuwa nimeshafukuzwa na mume wangu, aliyeleta mwanamke mwingine kwa sababu sikumzalia mtoto wa kiume. Mimi na dada tulipanga chumba kimoja mjini Daegu, na kiwandani tulivuta nyuzi za hariri kutoka vifuko vya viwavi kwenye maji ya moto mpaka vidole vikawa kama vya maiti.

Alipougua ini, ndugu zake hawakuonekana. Hospitalini kwetu mgonjwa huuguzwa na mtu wake, basi mtu wake nikawa mimi. Nililala kwenye benchi fupi kando ya kitanda chake, nikamlisha uji wa mchele, na mchana nikamsomea riwaya ya kuazima, ya binti anayetafuta njia ya kurudi kwao. Sijui kusoma kimyakimya. Nafuata mstari kwa kidole, kwa sauti, na wadi nzima ya wanawake inasikia.

"Huyo binti amekufa, au ni wewe umekwama?" Jomrye akauliza.

"Neno refu, dada. Subiri."

"Nisubiri mimi? Mwenye haraka hapa ni nani?"

Wagonjwa wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu: asije akafa mimi sipo.

Asubuhi moja kaka yake, Gidong, akaja na gari la mizigo kutoka kwao Sangju. Daktari alikuwa amemwambia hakuna tena la kufanya.

"Nampeleka nyumbani," akasema. "Mtu akifia nje ya nyumba yake roho yake hutangatanga. Na watu watatusema."

"Nyumbani kwake ni chumbani kwetu. Alipofiwa na mume, nani kwenu alimfungulia mlango?"

"We mama, kwani wewe ni nani wake?"

Mtu kama mimi hana jina katika ukoo wa watu.

Nikamgeukia Jomrye aseme yeye. Akafumba macho. "Mwache, Okbun. Nataka nilale karibu na mama."

Mama yake alizikwa kule kilimani. Sikuweza kushindana na kaburi.

"Basi twende wote," nikamwambia Gidong. "Nitakaa nyuma na mizigo."

"Wageni wa msibani wakiuliza wewe ni nani, niwaambieje?"

Jomrye alisikia. Gidong na wahudumu wakambeba na godoro lake, nikabaki mlangoni na sufuria ya uji ambao hakuna aliyeutaka.

Niliporudi ndani, mama mmoja wa kitanda cha dirishani akaniita. "Haya, Okbun, tusomee. Yule binti alifika kwao?"

"Kanunueni kitabu chenu," nikamjibu.

Nikakaa kwenye lile benchi, kitabu kimefungwa mapajani, mpaka muuguzi akaja na mashuka safi akaniambia niondoke, kitanda kimepata mgonjwa mwingine.