Bibi Alipoulizwa Habari Ibra

Nyumba yetu ya Sur, pwani ya Omani, ilinukia iliki asubuhi na samaki jioni, na baina ya harufu hizo mbili alikuwapo Bibi, mama yake baba yangu, amekaa jikoni juu ya mbuzi ya kukunia nazi aliyokuja nayo kutoka Unguja. Nazi zenyewe zilikuwa za Salala, na kila siku alizitukana. Alisema hazina tui, zina maji ya kufulia. Mchuzi wake lakini ulikuwa mtamu vilevile, na mpaka leo nikisikia harufu ya tui likichemka nataka kulia, hata nikiwa nyumbani kwa watu.

Ukimuuliza Bibi kwetu ni wapi, jibu lake lilitegemea siku. Joto likizidi, kwetu Unguja. Akija mgeni wa heshima, kwetu Ibra. Akigombana na muuza samaki, kwetu ni papa hapa Sur, na atokee mtu amtoe.

Kwenye kadi zetu za utambulisho tulikuwa watu wa Ibra, mji wa bara. Babu aliporudi Omani na mke na watoto, aliwaandikisha wote huko, kwa kuwa ndiko alikotoka baba yake kabla ya kwenda Afrika kutafuta maisha. Kisha akapata kazi Sur, akajenga Sur, akazikwa Sur. Mimi nilizaliwa Sur, Kiarabu changu kilikuwa cha Sur, na Ibra niliijua kwa kituo chake cha mafuta tu, tulipokuwa tukisimama kununua maji njiani kwenda Maskati.

Rafiki yangu mkubwa alikuwa msichana wa Aija, ng'ambo ya daraja. Kwao hawakujua kama kuna pahala pengine pa kutoka. Alhamisi akija kwetu kula mkate wa kumimina, Ijumaa mimi naenda kwao kula samaki wa kukaanga, na vitabu vya bayolojia tukivibeba huku na huku mpaka vikanuka vitunguu. Sote wawili tulitaka udaktari. Yeye alitaka kwa sababu alikuwa na kichwa cha kutisha. Mimi nilitaka kwa ajili ya Babu. Alipougua, Kiarabu kilimtoka chote akabaki na Kiswahili, na mimi, mtoto wa shule, ndiye niliyekaa kitandani pake hospitali nikimweleza daktari wapi panamuuma. Siku nyingine nilikosa neno, na nikaona uso wa Babu unavyokata tamaa. Nilijiambia kwamba siku moja mtu kama Babu akiumwa, asihitaji mkalimani.

Matokeo ya thanawia, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalipotoka, rafiki yangu alinizidi. Alinizidi kidogo, lakini alinizidi, na sote tulijua. Hapo ndipo tuliposikia mazungumzo ya wilaya. Walimu walisema kwamba kwa udaktari, mwaka wetu, hazitazamwi maksi peke yake. Inatazamwa pia mtu ni wa wapi, ili kila upande wa nchi upate madaktari wake na warudi kuutumikia. Sur mwaka ule ilijaa wasichana wenye maksi za ajabu, na maksi zangu baina yao zilikuwa za kawaida. Kwa upande wa Ibra, watu walisema, zingetosha.

Baba alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyeokota kitu barabarani. "Sisi ni wa Ibra," alisema, na sijapata kumsikia akilisema neno hilo kwa furaha namna ile.

Tatizo lilikuwa moja. Kadi ilisema Ibra, lakini nyumba, shule na kaburi la Babu vyote viko Sur, kwa hivyo shekhe wa kabila letu kule Ibra alitakiwa athibitishe kwamba sisi ni watu wake. Na shekhe hakuwahi kutuona.

Kwa wiki nzima Baba alifanya mazoezi. Kwa watu wa bara ya Omani, mgeni akishaketi na kunywa kahawa huulizwa habari: ulum, akhbar? Na mgeni hatakiwi kutoa habari. Hata kama nyumba yake imeungua, hujibu kwamba hakuna ila kheri, kisha naye anauliza, naye anajibiwa hivyohivyo, na shida huja baadaye kabisa, kwa utulivu, kama kitu kilichokumbukwa. Sisi wa Unguja tukiulizwa habari tunasema nzuri, halafu papo hapo tunaanza kueleza ubaya wake. Mwenzake Baba kazini, mtu wa Sinaw, huko huko bara, alimfundisha hata namna ya kunyamaza katikati. Nilimsikia chooni akisema peke yake, "Ma shay, illa l-kheir. Ma shay, illa l-kheir."

"Na weye mama," alimwambia Bibi, "wakikuuliza, sema hivyo tu."

"Miye nnaijua adabu tangu hujazaliwa," alijibu Bibi, na akaendelea kufunga mkate wake wa kumimina kwenye kitambaa.

Tulitoka Sur asubuhi. Baada ya Kamil, mchanga ulikuwa upande wa kushoto, mwekundu, na Bibi akasoma dua mpaka tukaupita. Tulipofika Ibra, Baba aliingia sabla, ukumbi wa wanaume, na mimi na Bibi tukapelekwa upande wa wanawake. Aliyetupokea alikuwa mama yake shekhe, mwanamke mwembamba aliyevaa nguo za rangi kali, na kando yake wakweze na majirani wamejipanga ukutani. Tukaketi. Tende zikaja, kahawa ikaja. Kimya kikapita, kile kilichopangwa. Kisha yule mama akasema kwa sauti ya upole:

"Ulum? Akhbar?"

Nilimtazama Bibi. Mdomo wake ulianza vizuri. "Ma shay," alisema. "Ma shay, illa..." Akakitia kikombe chini. "La wallahi," akasema, "zipo. Habari zipo, nyingi."

Nilitamani zulia linifunike. Bibi akazitoa zote, kwa Kiarabu chake kilichovunjikavunjika, kikimwishia anajaza Kiswahili, na mimi nikalazimika kufasiri nikiwa nimeinamisha kichwa. Alisema mumewe alikuwa mtoto wa mtu wa hapa, alikufa anaitaja Ibra na hakupata kulala hapa hata usiku mmoja. Alisema yeye mwenyewe miaka yote hii aliogopa kuja, kwa kuwa aliambiwa wanawake wa huku watamcheka maneno yake. Alisema anaona haya kuja leo kwa kuwa leo ana shida, na bora angekuja siku hana shida. Mjukuu wake ana akili, alimfasiria babu yake hospitali angali mdogo, na anataka kuwa daktari, na nafasi hiyo itapotea kama watu wa hapa watasema hatumjui. "Na kweli hamtujui," alimalizia. "Kosa letu. Tulikuwa hatuji."

Mmoja wa wakweze alitazama dari. Mimi nilikuwa tayari nauona mlango wa chuo unafungwa, na kusema kweli nilimkasirikia Bibi.

Yule mama akacheka. Alicheka hadi akajipangusa macho kwa ncha ya shela. "Umri wangu wote nawauliza watu habari," alisema, "na hajatokea mtu akanipa hata moja." Kisha akasogea akakaa karibu na Bibi, akaanza kumpa zake. Ndugu yake mkubwa alikwenda Sawahil, pwani ya Afrika, na barua zikakatika, goti lake mwenyewe linamuuma, na yuko mkwe mmoja anayemuudhi, ambaye alikuwapo pale pale. Mkate wa kumimina ukafunguliwa, ukaliwa na mikono ya kila mtu.

Tulipotoka, Baba alikuwa garini, shingo imelegea. Mambo yake yote alikuwa ameyasema sawasawa, hakukosea hata pahala pamoja, na shekhe alimjibu kwa adabu ileile: kabila lenu tunalijua, nyinyi hatuwajui, rudini baada ya muda, tutauliza. Muda hatukuwa nao. Baba alikuwa ameshawasha gari kijana mmoja alipotoka mbio na kugonga kioo. Akatuambia kwamba mama yake shekhe alikuwa ameingia sabla, jambo ambalo halifanyiki mbele ya wageni, akamwambia mwanawe maneno machache: hao ni watu wetu, maliza kazi yao.

"Ulisema nini huko ndani?" Baba alimuuliza Bibi njiani, barua ya shekhe iko mfukoni mwake.

"Ma shay," alijibu Bibi. "Illa l-kheir." Alicheka mpaka Bidia.

Nilipata nafasi. Rafiki yangu hakupata. Nilikwenda kwao Aija, nikavuka daraja kwa miguu nikipanga maneno, na nilipofika yote yalikuwa yamenipotea. Alinikaribisha, akanipa juisi, akanipongeza kwa moyo mmoja. Kisha alipokuwa ananisindikiza akasema, bila hasira, "Nyinyi mna pahala patatu pa kutoka. Sisi tuna hapa tu, na hapa pamejaa." Nadhani kanuni ile ilikuwa na maana yake, sehemu zinahitaji madaktari, na wala sikudanganya mtu. Lakini alinizidi. Siku hizi anafanya kazi Ras al Jinz, anawaonyesha wageni kasa wakitaga, na wanasema hakuna anayeeleza vizuri kama yeye. Idi zikifika tunapeana salamu kwa simu, na mkate wa kumimina hajala kwangu tena.

Bibi alifariki nikiwa karibu kumaliza masomo. Mbuzi yake ninayo, imekaa kabatini, na nazi nanunua za kopo, Mungu anisamehe. Nilipomaliza nilifanya kazi Maskati kwanza, halafu nikaomba kupelekwa Ibra, maana deni la aina ile halikuachii. Siku ya mwanzo nikagundua shida ambayo vitabu havikunifundisha. Namuuliza mgonjwa habari, ananijibu hakuna ila kheri, na huku amejikunja kwa maumivu. Ni adabu, hawezi kuanza na ubaya. Nikajifunza kufanya kama Bibi: natoa zangu kwanza, hata kama ni kuhusu gari iliyokataa kuwaka, na wao ndipo wanapofunguka.

Mwezi haukuwa umetimia aliponijia yule mama mwenyewe, mama yake shekhe, amekonda zaidi, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nilimbusu kichwani. Nikamuuliza.

"Ma shay," alisema, "illa l-kheir."

Nikaisogeza kompyuta pembeni. Nikampa habari. Nikamwambia Bibi amekufa, alikuwa akimtaja hata siku za mwisho, na mimi sijui kukuna nazi, na rafiki yangu wa Sur haji kwangu. Aliposikia ya Bibi alilia kidogo, akamrehemu. Kisha akamwambia mjukuu atoke nje.

Akaushika mkono wangu akaupeleka mwenyewe chini ya kwapa lake la kushoto. Palikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa, na vidole vyangu vikajua kabla ya mimi kutaka kujua.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka jana. Sikumwambia mtu."

Nilijizuia sauti. Nikamuuliza kwa nini, jamani, na hospitali iko hapa hapa, na madaktari wako kila siku.

"Hao nisingeweza kuwaambia," alisema, na akanitazama kwa furaha. "Nilisikia unasoma. Nilikuwa nangoja daktari wetu."