Lambo la Albina na Miguu ya Waumini

Huku kwetu Kras, upande wa Slovenia, Mungu hatunyimi mvua, ila jiwe letu lina koo. Mvua ikinyesha, jiwe linaimeza, na kufika jioni hata punda hapati pa kulowesha ulimi. Ndiyo maana wazee walichimba malambo, wakayatandika udongo wa mfinyanzi, wakaingiza ng'ombe wauponde kwa kwato mpaka usipitishe tone. Lambo la juu, pale malishoni karibu na jiwe la mpaka wa Italia, ni la ukoo wa jirani yangu Albina Guštin.

Albina ni mjane, mfupi, mwenye mikono mikubwa kama ya mwashi. Watoto wake walishahamia mjini. Waliobaki naye ni kondoo. Mwaka ule mzizi wa mwaloni ulipasua sakafu ya lambo, maji yakakimbilia chini tusikokujua. Akawa anapandishiwa maji kwa trekta la jirani mwingine, mpaka jirani huyo akachoka, na ni haki yake. Mnunuzi wa mifugo akaambiwa aje siku ya Mtakatifu Mikaeli, mwisho wa Septemba. Lambo lisiposhika maji kufikia siku hiyo, kondoo wataondoka.

Hakulia. Aliukata mzizi, akajenga upya ukingo wa mawe, akaleta udongo mwekundu kutoka bondeni, akautandaza. Ikabaki kuuponda, na kondoo ni wepesi mno. Wanauchorachora juu tu kama kuku. Ng'ombe wazito walibaki kwa Edvin peke yake, mume wa dada yake, kijiji cha ng'ambo ya jiwe la mpaka. Ukisimama lamboni unasikia kengele zao.

Edvin akaenda ofisini kuuliza kama anaweza kuwavusha. Akarudi anacheka, lakini si cheko la furaha. Mtu siku hizi anavuka pale bila kuulizwa jina. Ng'ombe anatakiwa vipimo, daktari na mihuri, na majibu yangetoka wakati wa baridi.

"Shemeji," akamwambia Albina, "zamani askari walituzuia sisi, ng'ombe wakapita. Leo sisi tunapita, ng'ombe ndio wamezuiwa."

"Basi njoo wewe. Uzito unao."

Alisema kwa utani. Mara nikamwona ameshika kiuno, anaitazama njia inayotoka kanisani.

Kila mwaka, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria katikati ya Agosti, vijiji vyote viwili hupanda kwa maandamano hadi kikanisa cha malishoni, jirani kabisa na lambo. Albina akamwendea Padri Karlo, akamwomba maandamano yapite ndani ya lambo. Padri akamuuliza anataka ibada au anataka vibarua. Albina akasema anataka vyote viwili, maana hata Mungu kazi yake ya kumuumba mtu aliianza kwa udongo. Padri akakubali.

Siku ilipofika tukavua viatu ukingoni, vya nchi mbili vikachanganyika. Sanamu ya Bikira tuliiweka kivulini, itutazame. Padri akatangulia, kanzu ameifunga kiunoni. Tukaanza rozari, bega kwa bega, tukizunguka polepole, kisigino kwanza kama Albina alivyotuelekeza. Udongo ulikuwa wa baridi, unavuta mguu kama mtoto anyonyaye. Mbele yangu walisali Kislovenia, nyuma Kiitaliano, na miguu ikaanguka pamoja.

Edvin akateleza, akakaa kitako.

"Kaa hapohapo," mkewe Nives akamwambia. "Hapo ndipo palipokosa ng'ombe."

Tulicheka mpaka Padri akapotea, asijue ni Salamu Maria ya ngapi, akarudia tendo zima la rozari. Kisha kicheko kikaisha chenyewe. Mwanzoni nilikuwa nasikia matope yakilia chini ya nyayo. Tulipofika tendo la mwisho sauti ilikuwa nyingine, kama watu wanaotembea kwenye sakafu ya kanisa. Kila mmoja aliisikia. Tukaendelea kusali, lakini kwa kunong'ona.

Udongo ule ukikauka kabla ya mvua unapasuka, na kazi yote imekwenda bure. Albina akaufunika kwa matawi na nyasi, akawa anapanda kila asubuhi na ndoo kuulowesha. Septemba ilipoanza mawingu yakatanda, akayaondoa matawi na nyasi, mvua ikaja kwa ngurumo, ikashinda inanyesha, lambo likajaa hadi ngazi ya pili ya mawe. Lakini kujaa si kitu kwetu. Kazi ni kubaki.

Tukaacha siku zipite. Asubuhi moja Albina akanichukua twende naye, akafika kwenye kikanisa, akasimama.

"Nenda ukaniangalizie, jirani. Mimi siwezi."

Nikaenda. Maji yalikuwa kwenye ngazi ileile, yametulia, mbingu yote imo ndani. Chini yake, wazi kabisa, niliona alama za visigino vyetu, zimezunguka na kuzunguka. Nikatafuta changu nisikijue.

"Yapo," nikamwambia.

Akaja, akachovya vidole, akafanya ishara ya msalaba kwa maji yale.

Siku ya Mtakatifu Mikaeli mnunuzi alipanda na lori lake. Albina akampa jibini zima badala ya kondoo, kwa usumbufu wa safari, naye akalipokea, asiharakishe kurudi bondeni. Kondoo walikuwa wamejipanga ukingoni, miguu ya mbele imo majini, wanakunywa. Tulisimama naye, tukiwatazama, mpaka yule wa mwisho aliponyanyua kichwa.