Mgeni Niliyemnyang'anya Fimbo

Nakumbuka asubuhi moja pale stesheni ya Itigi, mwanangu, enzi za Mwingereza, wakati miguu yangu bado inanisikiliza. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nimemaliza darasa la nne, najiona nimemaliza na dunia. Kazi yangu ilikuwa kuwauzia asali abiria pale madirishani. Mdomo ndio uliokuwa unauza, asali inafuata tu.

Siku hiyo lakini sikwenda kuuza. Baba yangu alikuwa ameanguka mtini akitundika mzinga, mguu umevunjika chini ya goti, na siku ya tatu ulikuwa umevimba kama gogo. Tulituma salamu kwa mtu wa reli, atuitie mzee mmoja wa kuunga mifupa aliyekuwa anakaa upande wa Manyoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenituma nikampokee.

"Humjui, naye hakujui," akaniambia. "Msalimie, mwambie wewe ni mtoto wa nani, umpe maji. Huo mdomo wako wa stesheni uache hapa nyumbani."

Nikasema sawa, nikaondoka nao.

Treni ikafika, wakashuka wazee wawili. Mmoja kavaa koti, kabeba mfuko mkubwa wa ngozi. Mwingine ana shuka na fimbo tu, masikio yametobolewa mpaka yananing'inia. Nikapiga hesabu zangu za darasa la nne: mwenye mfuko ndiye mganga, dawa ziko humo. Mwenye shuka ni Mgogo, anapita zake. Na sisi Wanyaturu na Wagogo ni watani. Mtani unaweza kumvua hata kofia kichwani na hana pa kushtaki.

Mganga nikamwinamia kwa mbali, nikasema moyoni huyu nitamfuata sasa hivi, maana utani ulikuwa unaniwasha. Nikamwendea wa shuka, nikamchomoa fimbo mkononi.

"Karibu, Mgogo wangu. Njaa ya kwenu ndiyo imekupandisha treni? Hii fimbo nimeiteka, utaikomboa kwa ng'ombe."

Wapagazi wakacheka. Mzee hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetazama wingu la mbali, anapima kama litafika.

"Unamngoja nani hapa?" akaniuliza, tena kwa Kinyaturu safi kuliko changu.

Nikaishusha ile fimbo. "Mganga wa mifupa. Baba yangu kavunjika mguu."

"Basi kamwambie baba yako, mganga alifika, mwanawe akampokea kwa matusi, na anarudi na treni ya jioni."

Akaenda kukaa kwenye ukuta wa stesheni, akanipa mgongo. Yule mwenye mfuko alikuwa fundi cherehani.

Niliomba msamaha mpaka maneno yakaniishia, na hilo halijanitokea tena. Nikamrudishia fimbo, hakuipokea. Nikakimbia nyumbani nayo, na baba nikamkuta anauma shuka kwa maumivu.

Shangazi hakunigombeza. Alichukua kibuyu cha maziwa ya mgando, akajifunga kanga, akaanza kutembea. Mimi namwambia shangazi kimbia, treni itatuwahi. Yeye anasema mtu amekwisha kasirishwa na mmoja, wa pili asimjie mbio.

Alipofika hakumkabili. Alikaa chini hatua chache pembeni yake, kibuyu akakiweka katikati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Za safari?"

"Nzuri."

"Huko kwenu mvua ipo?"

"Kidogo."

Mimi nimesimama na ile fimbo, nahesabu: neno moja, neno moja, neno moja. Ningekuwa mimi ningeanza kupiga magoti. Shangazi hakuuliza tena. Akaanza kusema yake. Kwamba yeye kazaliwa Mgori, nyumba ya mwisho kabla hujaingia msituni. Kwamba kwao ni watu wa mizinga, na babu yake alikuwa na kovu la nyuki juu ya jicho, ukimsalimia unadhani anakukonyeza. Kwamba walihamia Itigi kufuata asali, na kaka yake huyu aliyelala nyumbani ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Akamaliza, akanyamaza.

Mwanangu, mpaka leo nastaajabia kunyamaza kule. Ni kama mtu aliyetenga chakula akaondoa mkono.

Mzee akageuza shingo kidogo. "Huyo babu yako mwenye jicho. Alikuwa na dada?"

"Alikuwa naye. Akaolewa mbali, upande wa Manyoni. Wanasema akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja, ungedhani kaiba kitu."

Mzee akamgeukia mwili mzima. Kisha akavuta kibuyu, akanywa.

"Yule ni mama yangu," akasema.

"Basi wewe ni baba yangu," shangazi akajibu, wala sauti hakupandisha. "Na huyu aliyeshika fimbo yako ni mjukuu wako. Sasa nionyeshe mjukuu gani kwetu hamtanii babu yake."

Treni ya jioni ikapiga honi. Mzee akasimama, nami moyo ukasimama.

"Lete fimbo. Mjukuu akinitania, na mimi nalipiza. Inama."

Nikajua nachapwa. Nikainama. Akanipanda mgongoni.

Nilimbeba kutoka stesheni, nikapita naye madukani, wapagazi wote wanatufuata, yeye ananigonga mashavu ya miguu kwa fimbo. "Punda huyu kasoma," anawaambia watu, "ila somo la salamu hawakulifikia." Halafu akacheka, na kiganja kikaenda mdomoni.

Mguu wa baba aliuunga jioni ile ile. Baba alitembea, akichechemea kidogo msimu wa mvua. Na kila yule mzee alipokuja Itigi, alishuka treni na kunionyesha mgongo wangu kwa fimbo. Nilimbeba miaka mingi, mpaka akawa mwepesi kama shuka lake.

Kwa hiyo mwanangu, ukikutana na usiyemjua, usimsome masikio wala mfuko. Msalimie. Usimvamie kwa maswali kama karani wa kodi. Mwambie kwanza wewe unatoka wapi na kwenu ni kwa nani, halafu funga mdomo umwachie nafasi. Kama kuna uzi kati yenu atauvuta mwenyewe. Utani utafuata, hauozi.

Mungu akukutanishe na wageni wanaogeuza shingo, akuwekee na shangazi wa kukufuata nyuma na kibuyu. Na mgongo akupe wenye nguvu, maana kama mdomo umerithi kwangu, utauhitaji.